Kilima na Kioo

Mnara wa maji wa Holmdel una miguu mitatu. Ni mweupe, mwembamba chini na mpana kichwani, na mpita njia asiye na habari ataona tangi tu, lililochorwa na mtu mwenye jicho zuri. Aliyewahi kufungua redio kwa bisibisi ataona kitu kingine. Kichwa cha mviringo juu, nyaya tatu chini: hiyo ni transista, ile punje inayochomelewa kwenye ubao wa saketi, ambayo hapa imekuzwa mpaka inaipita miti kwa urefu. Tuko jimbo la New Jersey, Marekani, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kusini mwa jiji la New York. Mnara huu ulijengwa na kampuni ya simu ya Bell, na transista ilikuwa mtoto wake mwenyewe, aliyezaliwa Desemba 1947 katika maabara yake nyingine huko Murray Hill, jimbo hilo hilo. Kwingineko watu husimamisha minara kwa ajili ya majemadari na vita walivyoshinda. Hawa walikisimamishia kitu kinachopotea kiganjani, kisha wakakijaza maji ya kutumia. Napenda jambo hilo. Napenda fahari isiyosahau kazi.

Nyuma ya mnara kuna bwawa la kuchimbwa, na nyuma ya bwawa nyumba yenyewe: sanduku refu la kioo lenye ghorofa sita, lisilo na nguzo za mapambo wala lango la kifahari, limelala katikati ya ekari 472 za nyasi na miti. Kioo chake kimepakwa utando unaong'aa, unaopitisha mwanga kwa kiasi na kulirudisha nje joto jingi la jua. Pamoja na joto, kinarudisha kila kilicho mbele yake: mawingu, miti, gari linalokuja, uso wa anayelishuka. Kabla yake hakuna aliyekuwa amethubutu kulivika jengo kubwa kiasi hicho kioo cha kujitazamia. Msanifu alikuwa Eero Saarinen, mzaliwa wa Finland aliyehamia Marekani utotoni pamoja na baba yake, Eliel, naye msanifu mkubwa. Kampuni za Marekani zilimpenda kwa sababu alijua kuupa uhandisi nyumba inayofanana na ndoto zake. Alikuwa amewajengea General Motors kituo chao cha ufundi huko Warren, Michigan, kilichozinduliwa 1956, na jarida la Life likakiita Versailles ya viwanda. Aliwachorea IBM maabara ya Yorktown Heights, jengo lililopinda kama upinde, lililofunguliwa 1961. Holmdel hakuiona imekwisha. Alifariki tarehe 1 Septemba 1961, ana miaka 51, baada ya kupasuliwa uvimbe wa ubongo, na jengo likafunguliwa mwaka uliofuata. Wenzake Kevin Roche na John Dinkeloo ndio waliolirithi na kulipanua kwa awamu mpaka miaka ya 1980, likafikia futi za mraba milioni 2, na wakati wa neema yake wakafanya kazi humo watu wapatao 6,000.

Jambo linalonishika zaidi katika nyumba ile halionekani kutoka nje. Vyumba vya kazi havikuwa na madirisha. Maabara na ofisi zilipangwa ndani ya jengo, zimefungwa pande zote, na ule ukuta mkubwa wa kioo wenye mandhari yote ya mashamba ukaachiwa korido. Ulipotaka kuona mti, ilikubidi utoke. Ukitoka, ulikutana na mwenzako aliyetoka kuutazama mti huo huo, au mliegemea pamoja kingo za roshani zinazotazamana juu ya ukumbi wa kati, mrefu unaokaribia robo maili, wenye paa la kioo. Saarinen aliuchukua uzuri akaunyima mtu mmoja mmoja, akaukabidhi kwa njia ya wote. Wenye kampuni walikuwa wameshaamini hilo kabla yake. Murray Hill, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940, ilikuwa na korido ndefu mno, makusudi, ili mwanafizikia anayekwenda kula chakula cha mchana asifike bila kupita mbele ya mlango wa mtaalamu wa kemia. Siwezi kukubali kwamba mtu hufikiri vizuri zaidi akifungiwa asione anga. Miaka mingi ya maisha ya binadamu ilipita kwenye vyumba vile chini ya taa za umeme, na hilo ni gharama. Lakini nauheshimu ujasiri wa kusema kwamba njia ya kutoka chumba hadi chumba inastahili zaidi kuliko chumba.

Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa fikra inayokaribiana na hiyo. Ukuta wa mtaani ni mzito na mkimya, madirisha machache, na anayepita kichochoroni hapati fununu ya zidaka zilizopangwa ukutani wala ya mwanga unaoshuka kwenye kiwanda, ule uwanja mdogo wa ndani ulio wazi juu. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kioo cha Holmdel, pamoja na kung'aa kwake kote, ni ukuta wa aina hiyo hiyo: kinamwonyesha mgeni sura yake mwenyewe na kumficha walio ndani. Tofauti iko mlangoni. Mjenzi wa Lamu aliacha baraza nje, na mtu asiyepaswa kuingia ndani bado alikuwa na pa kukaa, akasikia habari, akapewa maji. Holmdel haikuwa na baraza. Mkulima jirani, ambaye ardhi yake ilitazamana na bwawa lile, aliishi na kioo hicho muda wote wa maisha yake akijua tu kwamba ndani yake kuna watu wenye akili nyingi wanaofanya mambo ya simu.

Na kabla ya kioo palikuwa na shamba. Kampuni ilikuwa Holmdel tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, ikitafuta mahali penye utulivu wa hewa, mbali na injini na nyaya za mjini, pa kusikilizia mawimbi ya redio. Ilikuwa imeanza kuuza simu za kuvuka Atlantiki, na simu hizo zilijaa mikwaruzo. Kijana mmoja, Karl Jansky, alipewa kazi ya kuitafuta mikwaruzo inakotoka. Alijenga antena ya mbao na mabomba ya shaba nyeupe, urefu wake kiasi cha mita 30, akaipandisha juu ya magurudumu manne ya gari la Ford Model T, ikawa inazunguka polepole uwanjani, mzunguko mmoja kila dakika 20. Wenzake waliiita bembea ya Jansky. Aliisikiliza miezi na miezi. Mikwaruzo mingine ilikuwa radi za karibu, mingine radi za mbali, na hiyo angeweza kuiandikia ripoti na kwenda zake. Ilibaki sauti ya tatu, mvumo mwembamba usiokatika, usiofanana na radi, uliopanda na kushuka mara moja kwa siku.

Mtu mwenye haraka angesema ni jua. Jansky mwenyewe alidhani hivyo mwanzoni. Lakini aliendelea kusikiliza, na kadiri siku zilivyopita kilele cha mvumo kiliacha kufuatana na jua. Kilikuwa kinawahi. Kilirudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, dakika nne mapema kuliko jana yake. Wazee wetu wa mwambao wangemwelewa upesi. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua: wamesema hivyo wakulima na wavuvi waliojua kwamba nyota hazifuati saa za jua, kwamba kila usiku zinatangulia kidogo, na kwamba kule kutangulia kidogo kidogo ndiko kunakoleta misimu. Dakika nne za Jansky ndizo dakika nne za Kilimia. Mvumo wake ulikuwa unatoka kwenye nyota, upande wa kundinyota la Mshale, kwenye kitovu cha Njia Nyeupe. Mwaka 1933 habari hiyo ilitoka ukurasa wa mbele wa New York Times. Ndivyo ilivyozaliwa astronomia ya redio, shambani, juu ya magurudumu ya gari, mikononi mwa mhandisi wa simu mwenye umri wa miaka ishirini na kitu.

Baada ya hapo kampuni ilimhamishia kazi nyingine. Swali lake la mikwaruzo lilikuwa limejibiwa: mvumo wa nyota ulikuwa dhaifu, haukuzuia simu, na mteja wa London hakuhitaji kuujua. Jansky alifariki 1950, ana miaka 44, pasipo nishani kubwa yoyote. Leo wanaastronomia hupima nguvu ya mawimbi kwa kipimo chenye jina lake. Ninalisimulia hili kwa sababu wengi wanaoisifu Holmdel huisimulia kana kwamba subira yake haikuwa na mwisho. Ilikuwa na mwisho. Ilikuwa pana kuliko ya kampuni nyingi, ilimruhusu kijana kuufuata mvumo mpaka kwenye nyota, kisha ikamwita arudi mezani.

Miaka 30 hivi baada ya ugunduzi wa Jansky, mvumo mwingine ulisikika kilometa chache kutoka hapo, juu ya kilima cha Crawford. Pale kampuni ilikuwa imejenga mwaka 1959 antena ya ajabu, pembe kubwa ya alumini yenye uzito wa tani 18 na urefu wa mita 15, iliyolazwa ubavu juu ya kibanda, mdomo wake ukigeuzwa angani. Ilijengwa kwa ajili ya Echo, puto la kung'aa lenye kipenyo cha mita 30 lililorushwa angani Agosti 1960 ili mawimbi ya redio yagonge juu yake na kurudi ardhini upande wa pili wa bara. Puto lilipopitwa na satelaiti zenye mitambo yake, pembe ikabaki bila kazi ya lazima. Wakapewa vijana wawili, Arno Penzias na Robert Wilson. Penzias alizaliwa Munich mwaka 1933 katika familia ya Kiyahudi, akatolewa Ujerumani akiwa mtoto wa miaka sita, na huenda ndiyo sababu navutiwa na picha yake zaidi kuliko ya wengine: mkimbizi amesimama mbele ya sikio kubwa kuliko nyumba.

Walichotaka ni kuipima anga kwa usahihi. Kwanza ilibidi waondoe kila kelele inayotoka kwenye chombo chenyewe. Waliondoa, na kelele moja ikakataa. Ilikuwa ndogo, nyuzi tatu na nusu hivi za Kelvini juu ya sifuri kamili, na haikujali walikoelekeza pembe. Haikujali mchana wala usiku, masika wala kiangazi. Waliigeuzia New York, haikuongezeka. Ndani ya pembe walikuta njiwa wawili wamejenga kiota na kupaka kuta kwa kinyesi, wakawakamata na kuwapeleka mbali, njiwa wakarudi, hatimaye wakauawa. Kuta zikasuguliwa. Kelele ikabaki. Wakaviziba viungio vya alumini kwa utepe. Ikabaki. Debe tupu haliachi kuvuma, tunasema, tukimaanisha kwamba mvumo ni dalili ya utupu, na mhandisi yeyote mwenye akili timamu angehitimisha kwamba kasoro iko kwenye debe. Hawa wawili, baada ya kulikagua debe inchi kwa inchi, walibaki na wazo gumu zaidi: kwamba debe ni zima, na kinachovuma ni kilichomo ndani yake, yaani mbingu yote. Huko Princeton, mwendo mfupi kwa gari, Robert Dicke na wenzake walikuwa wakitengeneza chombo cha kuutafuta mwanga mkongwe ulioachwa na mwanzo wa ulimwengu. Simu ikapigwa, na kelele ya pembe ikatambulika kuwa ndiyo mwanga huo. Makala ya Penzias na Wilson ilitoka 1965, fupi mno, yenye kichwa kinachozungumzia tu joto la ziada la antena katika megasaikeli 4,080. Nobel yao ilikuja 1978. Zile chenga za televisheni za zamani, tulizozitazama tukisubiri kituo kifunguliwe jioni, sehemu yake ndogo ilikuwa mwanga huo, uliosafiri miaka zaidi ya bilioni 13 ukafika sebuleni kwetu.

Wakati vijana hao wanasugua kinyesi cha njiwa, ile nyumba ya kioo ilikuwa tayari imesimama chini ya kilima. Jambo hili nalirudia mara kwa mara moyoni. Mambo mawili makubwa kuliko yote yaliyosikika Holmdel hayakusikika ndani ya usanifu wa Saarinen. Moja lilisikika kwenye uwanja wa nyasi kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, jingine kwenye kibanda. Siyasemi haya kuidharau nyumba. Humo ndani Arthur Ashkin aligundua jinsi ya kukishika kitu kidogo kwa mwale wa leza bila kukigusa, na katikati ya miaka ya 1980 Steven Chu akaitumia leza kuzipunguzia atomu mwendo mpaka zikakaribia kusimama. Chu alipata Nobel 1997. Ashkin aliipata 2018, akiwa na umri wa miaka 96. Richard Frenkiel na Joel Engel walifanya katika kampuni hiyo kazi ya kuugawa mji katika visehemu vidogo, kila kimoja na mnara wake, ili masafa yale yale ya redio yatumike tena na tena na simu ikabidhiwe kutoka mnara hadi mnara mwenye nayo akiwa safarini. Wazo la awali lilikuwa limeandikwa ndani ya kampuni tangu 1947, mwaka wa transista, likangoja zaidi ya miaka 20 mitambo ya kulitimiza ipatikane. Nyumba ilizaa. Nisemalo ni kwamba kilichozaa hakikuwa kioo.

Kilichozaa ni ruhusa, na ruhusa ilinunuliwa kwa pesa ambazo hazikuwa na haraka. Kampuni ya simu ya Marekani ilikuwa hodhi. Kila aliyeinua simu katika nchi ile, mjane wa Nebraska aliyempigia mwanawe, mwenye duka la Georgia aliyeagiza bidhaa, alilipa senti iliyopita mikononi mwa kampuni hiyo, na sehemu ndogo ya senti hiyo ilifika kwenye vyumba visivyo na madirisha. Hakuna aliyemuuliza mjane kama anataka kujua umri wa ulimwengu. Alilipa. Napata shida na jambo hilo, na sitaki kuikwepa shida yenyewe, kwa kuwa hodhi ni hodhi, na watu walilipia simu bila kuwa na pengine pa kwenda. Lakini subira huvuta heri, na subira ya taasisi ina bei, na katika karne ile mahali hapo bei ililipwa na watu wengi kidogo kidogo. Serikali ya Marekani nayo ilidai chake. Kwa makubaliano ya mahakamani ya mwaka 1956, kampuni ilizifungua hataza zake zilizokuwapo, za transista zikiwamo, wengine wazitumie bila malipo.

Hata kabla ya hapo leseni zilikuwa zimeanza kuuzwa, na mmoja wa wanunuzi alikuwa kampuni changa ya Tokyo ambayo baadaye ilijiita Sony. Mwaka 1955 ikatoa redio yake ya kwanza ya transista. Kutoka hapo njia ya kufika kwetu haikuwa ndefu. Redio za Kijapani za betri ziliingia Afrika Mashariki wakati ule ule bendera zilipokuwa zinabadilishwa, zikavaa makoti ya kitambaa yaliyoshonwa nyumbani, zikawekwa mahali pa juu pasipofikiwa na watoto, na betri zilipochoka zilianikwa juani zipate uhai wa siku mbili tatu. Palipokuwa hapana umeme, hapana lami, hapana simu, ilikuwapo transista. Kwa masafa ya Redio Tanzania Dar es Salaam, wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji na ANC ya Afrika Kusini walizungumza na watu wao nyumbani, na wenye serikali za Lourenço Marques na Pretoria hawakuwa na ukuta wa kuizuia sauti isivuke mpaka. Kijiji kizima kilikaa kuizunguka sauti moja. Ile baraza ambayo Holmdel haikujengewa mlangoni pake, kitu kilichozaliwa na kampuni hiyo kiliijenga mamilioni ya mara mahali pengine.

Na hapa lazima nimtaje William Shockley. Walikuwa watatu waliopewa Nobel ya 1956 kwa ajili ya transista, yeye pamoja na John Bardeen na Walter Brattain, na huyu aliutumia uzee wake kuhubiri, katika vyuo na kwenye televisheni, kwamba watu weusi wamezaliwa na akili pungufu. Alipokuwa akiyasema hayo, watu weusi walikuwa wakiupanga ukombozi wao kwa chombo kilichobeba kazi ya mikono yake. Katika kampuni ile ile alikuwapo James West, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1931. Mwaka 1962, Murray Hill, yeye na Gerhard Sessler walitengeneza kipaza sauti cha elektreti, kidogo, cha bei nafuu, kisichotaka umeme mwingi. Kwa miongo kadhaa vipaza sauti vingi mno vilivyotengenezwa duniani, vya simu, vya rekoda, vya vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri, vilikuwa vya aina hiyo. Mtu yeyote aliyeinua simu akasema halo, uwezekano ni mkubwa kwamba sauti yake ilipokewa kwanza na kazi ya West. Sioni haja ya kumjibu Shockley kwa hoja. Nataka tu majina haya mawili yakae kwenye ukurasa mmoja, kama yalivyokaa kwenye historia ya kampuni moja.

Hodhi ilivunjwa 1984, na ilistahili kuvunjwa. Bei za simu za mbali zikashuka, kampuni mpya zikaingia, na senti ya mjane ikaacha kufika kwenye maabara. Mwaka 1996 maabara zilipewa kampuni mpya, Lucent, ambayo ilikuwa na wanahisa wa kuwaridhisha kila robo mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na waliokuja na daftari hawakuwa watu wabaya. Waliuliza tu swali ambalo Jansky hangeweza kulijibu wala Penzias: hiki kitaingiza kiasi gani, na lini? Watu wakapungua. Mwaka 2006 yakafikiwa makubaliano ya kuiuza nyumba ya kioo kwa wawekezaji waliotaka kuibomoa, na wanasayansi na wasanifu wakatia saini kupinga. Mwaka 2007 wafanyakazi wa mwisho wakatoka. Mwaka huo huo, mwezi Machi, Safaricom ilizindua M-Pesa, na Mkenya asiyekuwa na akaunti ya benki akaanza kumtumia mama yake pesa kijijini kupitia minara inayokabidhiana simu kwa wazo lile lililongoja miaka 20. Mkono uliopanda na mkono uliovuna haukujuana, na sioni vibaya iwe hivyo.

Nyumba haikubomolewa. Ilikaa tupu miaka kadhaa, kisha mwaka 2013 ikanunuliwa na mwendelezaji aliyeamua kuigeuza mtaa wa ndani: ofisi za kukodi, maduka, mikahawa, na maktaba ya umma yenye rafu za vitabu vya watoto mahali ambapo zamani hapakuingia mtu asiye na kazi. Sasa inaitwa Bell Works, na tangu 2017 imo katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Wapo wanaosikitika kuona kahawa inauzwa pale atomu zilipotulizwa. Mimi nafurahi bila kubakisha. Ule ukumbi wa robo maili ulijengwa kwa ajili ya watu kukutana, na kwa miaka 45 waliokutana humo walikuwa wamechujwa kwanza. Bwana Saarinen aliijenga korido nzuri kuliko kampuni yoyote inavyoweza kuimiliki peke yake. Baraza limechelewa, lakini limekuja.

Ninachokihofia ni kilima, kwa sababu kilima hakina cha kuuza. Pembe ya Crawford ni alama ya kihistoria ya taifa, lakini ardhi iliyo chini yake ilibaki mali ya kampuni, ikarithiwa na Nokia, ikauzwa, na mnunuzi akaleta pendekezo la kujenga makazi ya wazee juu yake. Wakazi walikwenda kwenye vikao vya mji wakapinga, na maelfu wakatia saini. Mwaka 2023 halmashauri ya Holmdel ikafikia makubaliano ya kuzinunua ekari zipatazo 35 za kilima ili ziwe hifadhi ya umma, na hifadhi hiyo ikapewa jina la Robert Wilson. Kampuni iliyokuwa na uwezo wa kujenga kioo kikubwa kuliko vyote haikubaki na uwezo wala sababu ya kukitunza kilima. Wanakilipia sasa watu wa mji ule kupitia kodi zao, na safari hii waliulizwa kwanza.